Kusali kama Luther au kama Calvin: njia ipi itakufaa?

Mjini Wittenberg, Ujerumani, alikuwako kinyozi aitwaye Peter Beskendorf. Martin Luther alikuwa rafiki yake. Kinyozi huyo alimwomba amfundishe kusali, naye Luther, profesa na mhubiri mwenye kazi chungu nzima, akamwandikia kijitabu kizima. Kilichapishwa mwaka 1535. Mwaka uliofuata, mjini Basel, Mfaransa wa miaka 26, John Calvin, alichapisha kitabu chake cha mafundisho ya imani, na ndani yake sala ikapewa sura yake. Kitabu hicho alikirudia na kukipanua karibu maisha yake yote. Katika toleo la mwisho la mwaka 1559, sura ya sala ndiyo ndefu kupita zote, na Calvin anaiita sala zoezi kuu la imani.

Nawaweka wawili hawa, viongozi wa Matengenezo ya Kanisa katika karne ya 16, sambamba kwa ajili ya mtu mmoja hasa: yule ambaye kila Jumapili anaambiwa aongeze maombi, naye anataka kweli, lakini akipiga magoti usiku maneno yanamwishia baada ya dakika tatu. Mimi ni Mlutheri wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, nimefundisha darasa la kipaimara miaka mingi, na Luther nimemjua tangu utotoni kwa Katekisimo Ndogo, kijitabu chake cha mafundisho ya msingi ya imani. Calvin nilimfikia utu uzimani, nikiwa nimefiwa. Mmoja nimezaliwa kwake, mwingine nimemwendea mwenyewe, na pale ninapoegemea nitasema.

Zile saa tatu

Kuna maneno yanayosambazwa sana kwa jina la Luther: "Leo nina kazi nyingi mno, kwa hiyo lazima nitumie saa tatu za kwanza katika sala." Nimeyasikia mimbarani na kwenye mikesha, na kila baada ya muda yanarudi kwenye makundi ya WhatsApp. Katika maandishi ya Luther hayamo. Tena yamewaumiza wanyofu wengi, maana mtu akijipima kwa saa tatu hujiona si kitu, na mwisho huacha hata zile dakika kumi alizokuwa nazo.

Kilichopo ni barua. Mwaka 1530 wakuu wa Ujerumani walikutana Augsburg mbele ya Kaisari Karl wa Tano kuzungumza habari za imani. Luther alikuwa chini ya marufuku ya kaisari tangu 1521, hakuweza kwenda. Alibaki ngomeni Coburg tangu Aprili hadi Oktoba, akingoja habari. Veit Dietrich, aliyekaa naye huko, alimwandikia Philipp Melanchthon, rafiki na mwenzake Luther wa miaka mingi, kwamba haipiti siku Luther asitoe angalau saa tatu kwa sala, tena zile saa zinazofaa zaidi kwa masomo. Anasema siku moja alibahatika kumsikia akisali kwa sauti: heshima yote ya mtu anayesema na Mungu, na tumaini lote la mtoto anayesema na baba yake.

Ndizo saa tatu zenyewe. Ni za mtu aliyefichwa ngomeni, mbali na mke na watoto, rafiki zake wako hatarini. Kipindi hicho hicho ilimfikia habari kwamba baba yake amefariki. Alichukua kitabu chake cha Zaburi, akaingia chumbani, akalia sana. Saa za vita vile huwezi kuzichukua ukampa mama anayenyonyesha ziwe ratiba yake ya kila siku.

Na Luther mwenyewe aliwahi kuumizwa na saa. Alipokuwa mtawa, kanuni ilimtaka asome sala za vipindi vilivyopangwa mchana na usiku. Kazi zikimbana aliziacha, deni likakua, kisha mwisho wa juma anajifungia bila chakula mpaka azilipe zote. Alisimulia baadaye kwamba jambo hilo lilimwangusha kitandani, kichwa kikimzunguka na usingizi umemkimbia. Deni likafika mahali ambapo halilipiki, akaliacha. Mtu aliyepita huko ndiye anayemwambia kinyozi kwamba sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku, na ajihadhari na ile sauti inayosema, ngoja kidogo, nitasali saa moja ijayo, kwanza nimalize hili. Hilo moja huvuta la pili, la pili huvuta la tatu, na siku imekwisha. Lakini hesabu ya saa hampi. Anamwambia sala njema si lazima iwe ndefu, iwe ya mara kwa mara na iwe na moto.

Calvin kwenye jambo hili ni mpole kuliko sifa aliyopewa. Anataja nyakati tano: tunapoamka, kabla ya kuanza kazi, tunapoketi kula, tukiisha kula, na tunapojiandaa kulala. Papo hapo anaonya nyakati hizo zisigeuzwe kuwa deni la kumlipa Mungu ili tujione tumemaliza. Zimewekwa kuusaidia udhaifu wetu. Katekisimo yake ya Geneva iliambatana na sala fupi za nyakati hizo, ikiwamo sala ya mtoto kabla ya kuanza masomo.

Kwa upande wa muda, basi, mtu ambaye siku yake imekatikakatika ningempeleka kwa Calvin. Nawafikiria muuguzi wa zamu, dereva wa bodaboda, mama lishe anayeamka saa tisa za usiku kuwasha jiko. Hawana saa nzima, ila kila mmoja anaamka, anaanza kazi, anakula na analala. Mwenye chumba na mlango wa kufunga asubuhi, huyo Luther anamfaa. Mlutheri mwenye siku ngumu naye asione haya, kwa maana Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 haidai makubwa. Asubuhi ishara ya msalaba, Imani ya Mitume, Baba Yetu, ukipenda na sala fupi, kisha uende kazini kwa furaha. Jioni hivyo hivyo, kisha ulale upesi na kwa moyo mkunjufu. Agizo hilo la kulala upesi nalipenda mno. Linatoka kwa mtu aliyejua kukosa usingizi kwa sababu ya sala.

Maneno yanapokuishia

Hapa naegemea kwa Luther bila kujificha.

Alimwambia kinyozi achukue vitu anavyovijua kwa moyo: Baba Yetu, Amri Kumi, Imani ya Mitume. Ashike kipande kimoja tu, akisokote kama shada la nyuzi nne. Uzi wa kwanza ni fundisho: hapa Mungu ananiagiza nini, au ananiahidi nini? Wa pili ni shukrani. Wa tatu ni ungamo. Wa nne ni ombi.

Chukua "Usiibe." Kwetu Walutheri ni amri ya saba, Wapresbiteri na Waanglikana huihesabu ya nane. Fundisho: Mungu anataka mali ya jirani yangu iwe salama mikononi mwangu, pamoja na muda wa mwajiri wangu na mizani ya dukani kwangu. Shukrani: kwa shamba, kwa mshahara, kwa mlango ambao usiku wa jana haukuvunjwa. Ungamo: kuna kibarua nilimlipa pungufu, nikamwambia aje mwisho wa mwezi huku najua sitampa. Ombi: nipe moyo wa kumtafuta, walinde wanaoibiwa na wenye nguvu, na wezi uwageuze wapate kazi ya halali. Dakika saba zimepita. Hujarudia neno, hujatafuta sauti ya kupendeza, na asubuhi hiyo hiyo kuna kibarua wa kutafutwa.

Darasani nimewapa vijana zoezi hili, nao waliosema hawawezi kusali mbele ya watu walisali. Si kwamba walipata ujasiri ghafla. Walipata cha kushika. Mtu asiyejua kuogelea humwambii ajitupe katikati ya ziwa, unampa kamba.

Luther haruhusu kamba igeuke kuwa kitanzi. Anasema usilazimishe kumaliza nyuzi zote wala amri zote. Kipande kimoja kikiwasha moto moyoni kinatosha. Na mawazo mema yakianza kuja yenyewe, acha ulichokuwa unafuata, nyamaza, sikiliza, kwa sababu hapo Roho Mtakatifu anahubiri, na neno moja la mahubiri yake ni bora kuliko sala zetu elfu moja. Katika kijitabu hicho hicho anasema Baba Yetu bado anainyonya kama mtoto, na sasa amekuwa mzee anaila na kuinywa na hashibi. Anaiita pia mfiadini mkuu kupita wote duniani, kwa jinsi watu wanavyoitesa kwa kuisema bila moyo. Nani kati yetu hajaitesa? Kikao cha harusi kimekwisha, watu wameshasimama, funguo za magari ziko mkononi, na Baba Yetu yote inatoka kwa pumzi moja.

Calvin naye anaifafanua Baba Yetu ombi kwa ombi, na anaifafanua vizuri sana. Lakini anafafanua kama mwalimu wa somo. Ukifunga kitabu umeelewa, ila hujapewa la kufanya na mikono yako.

Mizani

Anachokupa Calvin ni mizani ya kuipimia sala ambayo tayari unayo. Kanuni zake ni nne. Moyo na akili viingie kama inavyompasa mtu anayekwenda kuzungumza na Mungu. Tuombe tukihisi kweli upungufu wetu. Tuache kila tumaini la wema wetu wenyewe. Na tukiisha kuinama hivyo, tuombe kwa hakika kwamba tutasikiwa.

Kanuni ya pili imenichoma mimi kuliko zote. Calvin anauliza ni jambo gani linaloweza kumchukiza Mungu zaidi ya mtu kuomba msamaha wa dhambi huku moyoni hajioni kuwa mwenye dhambi. Mara ngapi nimesema "utusamehe makosa yetu" kama mtu anayesema "habari za asubuhi"? Shada la Luther linaweza kukuzoesha. Baada ya miezi mingi unajua uzi wa tatu unakuja, unaandaa ungamo dogo la adabu, unapita. Hapo ndipo mizani ya Calvin inahitajika.

Kuna swali la zamani ambalo analijibu katika sura hiyo: kama Mungu anajua yote, ya nini kumwambia? Anatoa sababu sita. Mojawapo ni kwamba tukizoea kufungua moyo wote mbele zake, haitaingia moyoni haja ambayo tungeona aibu Mungu awe shahidi wake. Waombaji wa siku hizi tulisome hilo polepole. Maombi ya kutaka jirani afilisike, mke mwenza augue, au bosi afukuzwe, yanasemwa siku hizi kwa sauti kubwa na vipaza sauti. Calvin haanzi na kanuni ya kuyakataza. Anakutaka uyaseme mbele za Mungu, ukijua uko mbele za nani, kisha uone kama yanaweza kutoka kinywani.

Na kanuni hizo zisikuogopeshe. Baada ya kuziweka anasema wazi kwamba hakuna mtu aliyewahi kuzitimiza, na kama Mungu asingevumilia kigugumizi chetu hakuna sala ambayo ingesikiwa. Wengi wanamjua Calvin wa ukali na hawafiki kwenye kurasa hizo.

Ipo hazina yake nyingine isiyojulikana sana kwetu. Alipofundisha juu ya manabii mjini Geneva, alimaliza kila somo kwa sala fupi ya papo hapo, na waandishi waliokuwa wakinasa masomo walizinasa na sala. Karibu zote zina maungio matatu. Kwanza "kwa kuwa", likitaja kitu ambacho Mungu amefanya katika andiko la siku hiyo. Kisha "utujalie". Kisha "hata", likipeleka macho mbinguni. Mfuate kwa maneno yako. Mimi jana, baada ya kusoma habari za Yona, nilisema: Mungu Mwenyezi, kwa kuwa ulimfuata mtumishi wako hata chini ya bahari, utujalie tusikukimbie katika kazi tusiyoipenda, hata siku ile utakapotukusanya mahali ambapo hatutataka tena kukukimbia. Sentensi moja. Inamtosha mtu aliyesimama kwenye foleni ya daladala.

Mawazo yanapotanga

Luther alimwonyesha kinyozi wembe wake mwenyewe. Kinyozi mwema huweka akili na macho kwenye wembe na nywele. Akipiga soga huku anaangalia kwingine anaweza kukukata pua, mdomo, hata koo. Kama kazi ya wembe inadai mtu mzima mzima, sala je? Mezani kwake siku moja mbwa wake Tölpel alikuwa amekodolea macho kipande cha nyama, mdomo wazi, hatikisiki. Luther akasema, laiti ningeweza kusali kama mbwa huyu anavyoitazama nyama. Mawazo yake yote yako pale, hana haja nyingine.

Calvin anakubali kwamba hakuna mwombaji asiyeingiliwa na mawazo ya pembeni. Dawa yake ni kukumbuka ukubwa wa yule unayezungumza naye, na kadiri inavyokuwa vigumu kadiri hiyo ujitahidi zaidi. Ni kweli, na kwangu haifanyi kazi. Nikijitahidi zaidi naanza kuutazama utulivu wangu badala ya kumtazama Mungu. Kurudi kwenye uzi niliouacha kunanisaidia zaidi, na moyo ukiwa baridi kabisa nafanya kama Luther anavyosema alifanya: anachukua kitabu cha Zaburi, anakwenda chumbani, au kama ni wakati wa ibada anakwenda kanisani walipo wengine.

Sala isipojibiwa

Mwaka 1540 Melanchthon alilala mahututi mjini Weimar. Luther akafika, akamwona, akageukia dirishani akasali. Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba alimtupia Bwana Mungu gunia mlangoni na kumsugua masikio kwa ahadi zake zote za kusikia sala. Ni picha ya mtu aliyetua mzigo mlangoni pa mwenye nyumba na kukataa kuondoka. Melanchthon akapona, akaishi miaka ishirini zaidi. Huyu ndiye Luther tunayemhubiri. Tunamwita shujaa wa maombi na tunaiga sauti yake.

Miaka miwili baadaye, Septemba 1542, binti yake Magdalena aliugua, umri wake miaka 13. Luther alisali kando ya kitanda. Alimwambia Mungu kwamba anampenda sana mtoto huyu, lakini kama ni mapenzi yako kumchukua, nitafurahi kujua yuko kwako. Akamwuliza binti kama angependa kubaki hapa na baba yake au kwenda kwa Baba yake wa kule, naye akajibu, kama Mungu apendavyo. Akafariki mikononi mwa baba yake tarehe 20. Siku chache baadaye Luther alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe Katharina walipaswa kumshukuru Mungu kwa mwisho mwema wa namna hiyo, lakini upendo wa mzazi una nguvu kiasi kwamba hawawezi bila kulia na kuugua moyoni, na hata kifo cha Kristo hakijaweza kuyaondoa hayo yote kama ipasavyo. Nilisoma maneno hayo nikaweka kitabu chini.

Mwaka ule ule wa 1542, Geneva, mke wa Calvin, Idelette, alijifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati. Wakamwita Jacques, akafa baada ya muda mfupi. Calvin alimwandikia mchungaji mwenzake Viret kwamba Bwana ametupiga jeraha kali na chungu, lakini yeye mwenyewe ni Baba na anajua linalowafaa watoto wake. Mwaka 1549 Idelette naye alifariki, na safari hii Calvin aliandika kwamba ameondokewa na mwenzi bora wa maisha yake. Kisha akarudi kazini. Hakupenda kusema habari zake mwenyewe, alikiri hivyo, na ndiyo sababu sala zake za chumbani tunazijua kidogo, wakati za Luther wanafunzi wake waliziandika hadi za mezani. Ila Beza, aliyemrithi Geneva, anasema katika maradhi yake ya mwisho, na maradhi yalikuwa mengi, Calvin alisikika mara nyingi akisema maneno ya Zaburi: Ee Bwana, hata lini? Na haya ya Zaburi ya 39: nimekuwa bubu, maana Wewe ndiwe uliyeyafanya.

Mke wangu alipougua nilisali kama Luther wa Weimar. Miezi kumi na mmoja nilitua gunia kila usiku. Ahadi zote nilizozijua nilizisoma kwa sauti, nikataja sura na mstari, na ndugu wa kanisani walikuja wakasoma nami. Alifariki alfajiri. Baada ya maziko niligundua kwamba sina tena namna ya kusali, kwa sababu namna yote niliyokuwa nayo ilihitaji Mungu aseme ndiyo. Binamu yangu wa Nairobi, mshiriki wa PCEA, kanisa la Wapresbiteri wa Afrika Mashariki, aliniachia kitabu chenye sehemu ile ya mwisho ya sura ya Calvin, anapoandika kwamba Mungu hata asipotupa tulichoomba hajaacha kusikiliza, na kwamba tukingoja muda mrefu bila kuona wala kuhisi faida ya sala, imani itatuhakikishia kisichoonekana. Sikuelewa yote. Nilichukua "hata lini" peke yake. Kwa majuma mengi ndiyo sala niliyokuwa nayo, asubuhi na usiku, na ilinitosha kubaki mlangoni.

Luther wa 1542 angenifaa pia. Sikumjua. Sisi tuliolelewa naye tulifundishwa ushindi wake, na kilio chake tukaachiwa tukitafute wenyewe.

Kabla hujachagua

Usichague kwa kudhani mwenye sala bora alikuwa mtu asiye na doa. Luther, miaka mitatu kabla ya kufa, aliandika dhidi ya Wayahudi maneno ya chuki ambayo kanisa la Kilutheri duniani limeyakana. Calvin alimshtaki Michael Servetus, aliyekana Utatu, na kuunga mkono hukumu ya kifo, naye Servetus akachomwa moto Geneva tarehe 27 Oktoba 1553. Hata Peter kinyozi: mwaka ule ule alioandikiwa kijitabu alimchoma kisu mkwewe katika mlo wa familia akamwua, na akaponea adhabu ya kifo kwa kuombewa na marafiki, Luther akiwamo, akafukuzwa mjini. Wote hawa walisali. Ndiyo maana sikubali mtu anayeniambia kwamba saa nyingi magotini zinamthibitisha kiongozi.

Wala usichague kwa dhehebu. Chagua kwa ugonjwa wa sala yako. Kama unakosa maneno, au mawazo yanakutoroka, au hujui uanzie wapi, anza na Luther kesho asubuhi, amri ya kwanza, nyuzi nne, uishie popote moyo utakapopata moto. Usimguse Calvin kwanza; mizani haina faida kwa asiye na mzigo wa kupima. Kama maneno unayo tele, unaongoza maombi, watu wanakusifu kwa sauti yako, na siku hizi unasali zaidi mbele yao kuliko ukiwa peke yako, weka shada pembeni kwa muda na usome zile kanuni nne, moja kwa juma, ukianza na ya pili. Wenye siku ya vipandevipande wachukue vile vituo vitano na ile sentensi ya maungio matatu.

Wenye familia nawaongezea Zaburi, maana hapo wawili hawa wanakutana. Luther alizisali tangu utawani. Calvin aliziita uchunguzi wa viungo vyote vya roho ya mwanadamu, na Geneva ilizitia zote 150 katika nyimbo, kitabu kikakamilika mwaka 1562, ili mfanyakazi na mtoto waweze kuimba kile ambacho wasingeweza kukitunga. Moja kila jioni kabla ya chakula, asome mtoto anayejua kusoma, hata kama anakwama kwama.

Na kama umefiwa juzi, usichague chochote sasa. Zaburi ya 13 inaanza na "hata lini". Soma mstari huo mmoja, ulale.